Mtaa Uliotulia, Nyumba Zilizofungwa

Madalali wa Dodoma wana neno wanalolitanguliza kabla hujauliza nyumba ina vyumba vingapi: "Bosi, mtaa umetulia." Halafu linafuata la pili: "Na Kisasa ni hapo tu, dakika tano kwa bajaji. Ilazo hata kwa mguu unafika." Kisasa na Ilazo ni mitaa ya jirani iliyochangamka. Nami niliambiwa hivyo hivyo miaka sita iliyopita, nimesimama mbele ya geti la nyumba ninayopanga mpaka leo. Nilitega sikio kama dakika mbili. Nikasikia upepo, na fagio la mtu aliyekuwa anafagia ua wa jirani, basi. Kodi ya miezi sita niliilipa siku ile ile.

Dalali hakudanganya. Mtaa wetu uko upande wa mashariki wa mji, umeingia ndani kidogo kutoka barabara ya Dar es Salaam, na umetulia kweli. Jina lake sitaliandika, kwa sababu ninayoyasema yanahusu mitaa mingi ya jiji hili na sitaki majirani zangu wanyooshewe kidole. Ila miaka sita imenionyesha kwamba huu utulivu tunaouringia umechanganya vitu viwili ambavyo masikioni vinafanana na maishani viko mbali kabisa. Upo utulivu wa watu waliopo, wanaojuana na kuchungana. Na upo ukimya wa nyumba zisizo na mtu. Mtaa wetu ulikuwa na ule wa kwanza, polepole unahamia kwenye huu wa pili, na sisi bado tunausifia kwa neno lile lile la dalali.

Nianze na uzuri wake, maana naupenda mtaa huu. Alfajiri adhana inatoka mbali, inafuatiwa na jogoo wa mzee wa nyumba ya kona. Saa kumi na mbili na nusu watoto wa shule wanapita wakiburuza mabegi. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma unapoanza kuvuma, unausikia kwenye miwarobaini kama mvua inayokuja, ukitoka nje unakuta nyota tupu. Usiku wa Ijumaa muziki wa upande wa Ilazo unatufikia vipande vipande, besi bila maneno, upepo ukigeuka unapotea. Wanaokwenda kula bata wanapita na barabara kubwa. Hawana sababu ya kukata kona kuja kwetu, maana kwetu hakuna wanachokitafuta.

Kila tunachokihitaji kiko kwa jirani: nyama choma, saluni, duka la dawa linalokesha, wakala wa pesa, hata fundi wa kushona. Mgeni akitoka Dar tunampeleka Kisasa akale kuku, tunakaa hadi saa nne, kisha tunarudi zetu kulala. Tunakula kwao, tunalala kwetu. Ndiyo maana nyumba ya mtaa uliotulia unaopakana na mitaa iliyochangamka inapangishwa ghali kuliko nyumba kama hiyo hiyo iliyoko pembezoni kabisa mwa jiji, ingawa kule pembezoni pametulia zaidi. Mpangaji wa kwetu analipia mambo mawili kwa mpigo: kuwa karibu na uchangamfu, na kutousikia.

Kwa haki tukubali kwamba kelele tulizozikwepa hazijafutika. Kuna mtu anazibeba. Kuna mama ambaye chumba chake kimepakana ukuta kwa ukuta na baa tunayoisifia kwa mishikaki, na mtoto wake anajiandaa na mtihani kama wangu anavyojiandaa. Sisi tunaondoka saa nne, yeye anabaki nazo mpaka saa nane. Kila ninapoandika juu ya utulivu wa mtaa wetu ninamkumbuka huyu, na sitaki hoja yangu isomeke kama ya mtu anayetaka wenzake wabebe kelele ili yeye alale.

Wapo majirani wanaoamini tumetulia kwa sababu tunaoishi hapa ni wastaarabu. Hilo nalikataa. Utulivu huu ulichorwa kwenye karatasi kabla wengi wetu hatujafika. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo kila mwenyeji anaijua kwa jina la CDA. Mpango mkuu wa mwaka 1976, ulioandaliwa na washauri kutoka Toronto, Canada, uliwaza mji wa watu wanaokwenda kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Makazi yalipangwa yakue kutoka vikundi vya nyumba kumi kumi, kwa kufuata mfumo wa mabalozi wa wakati ule. Vilima viachwe vilivyo, katikati ya makazi yabaki maeneo ya wazi, na duka na shule viwe mahali ambapo mtoto anaweza kutumwa peke yake.

Sehemu kubwa ya ndoto ile haikujengwa, fedha hazikuwepo. Lakini CDA ilikuwa kali kwenye ardhi. Iliikodisha kwa miaka 33 wakati kwingineko nchini watu walikuwa wakipata hati za miaka 99. Waliojenga bila kupimiwa walivunjiwa, na wazee wengi wa mji huu hawajasahau vumbi la siku zile. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja mamlaka hiyo, kazi zake zikaenda kwa manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Siitetei CDA, kwa kuwa machozi yaliyomwagika ni ya kweli. Nasema tu kwamba barabara yetu pana, viwanja vyetu vinavyoruhusu mti ukue kati ya nyumba na nyumba, na kiwanja cha wazi wanapocheza watoto, vyote vilitokana na mkono ule ule. Watu wa Chang'ombe ya hapa Dodoma waliobanana hawana upungufu wowote wa ustaarabu. Hawakuchorewa.

Kisha mji ukajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo leo ni jiji. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Katikati yake kuna Julai 2016, pale ilipotangazwa kwamba serikali inahamia Dodoma na safari hii inahamia kweli. Wizara zikaja, zikaenda Mtumba, ulipojengwa mji wa serikali. Nyuma yake wakaja watu wa benki, wa mizigo, wa vyakula, wa magari ya kukodisha, mafundi. Nyumba za kuishi zilizokuwa kando ya barabara kubwa zikaondoa uzio wa mbele, zikaweka vioo na taa. Ndivyo mitaa ya jirani ilivyochangamka. Na kila ilivyozidi kuchangamka ndivyo mtaa wetu wa ndani ulivyozidi kupanda bei, bila sisi kufanya lolote.

Hapo ndipo ukimya ulipoanza kuingia, na uliingia kwa kalenda. Anayeijua Dodoma anajua kuna mwaka wa Bunge ndani ya mwaka wa kawaida. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti likikaa, mji unafura. Magari makubwa yanalala nje ya mageti, nyumba ambayo mwezi Machi ilikuwa ya familia inapangishwa kwa usiku, na madalali hawapokei simu za watu wa kodi ya mwezi. Julai ikifika kila kitu kinashuka. Mwenye nyumba aliyeonja fedha ya miezi mitatu ile hana haraka tena ya kutafuta mpangaji wa kudumu. Anafunga geti, anasubiri Aprili. Katika barabara yetu nyumba za namna hiyo zilikuwa hazipo nilipohamia. Sasa ziko tatu.

Halafu ipo Ijumaa. Zamani mtumishi ambaye familia yake imebaki Dar es Salaam alikuwa akienda mara moja kwa mwezi, kwa sababu basi lilikula siku nzima na mgongo juu. Treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 31,000, safari ikawa ya saa tatu na ushee au nne. Nimeipanda mara nyingi na nitaipanda tena. Ni jambo jema lililofanyiwa nchi hii. Ila imetuchukulia Jumamosi yetu. Mtu aliyekuwa anashinda nyumbani wiki tatu kati ya nne, anapalilia bustani, anakwenda mkutano wa mtaa, anagombana na fundi bomba mbele ya watoto, sasa anaondoka kila Ijumaa saa tisa na kurudi Jumatatu alfajiri moja kwa moja ofisini. Barabara yetu ina mageti kumi na manne. Jumamosi moja saa mbili usiku nilitembea kutoka mwanzo hadi mwisho nikihesabu nyumba zenye taa ya sebuleni. Zilikuwa tano.

Siwalaumu. Mke ana kazi Dar na mwajiri wake hana ofisi Dodoma. Mtoto yuko kidato cha tatu, humhamishi katikati. Mama mzee amezoea daktari wake. Hizi ni sababu za watu wazima wenye mizigo, na anayeziita visingizio hajawahi kuhamishwa. Ninachosema ni kwamba mtumishi aliyehamishwa bila familia amehamishwa nusu, na nusu iliyobaki Dar ndiyo ile inayofanya mtaa uwe mtaa: mtoto anayetumwa chumvi kwa jirani, mke anayejua nani amejifungua, mume anayetoka na tochi akisikia mbwa wanabweka. Tulihamisha meza na mafaili haraka kuliko tulivyohamisha kaya.

Nilikuwa na fikra hizi kwa juu juu tu mpaka usiku mmoja wa Oktoba.

Oktoba Dodoma ni mwezi wa kiu. Mvua za mji huu hazizidi sana milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Maji ya bomba kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, kaskazini mwa mji, maana hatuna mto wa kutegemea. Kwetu yanakuja kwa zamu. Usiku wa zamu yetu watu hawalali usingizi mzito, ukisikia bomba linakohoa unaamka, unafungulia simtanki, na kama una moyo unagonga ukuta wa jirani: "Maji hayo!"

Usiku ule, wa kuamkia Jumapili, yalitoka saa saba. Kama nusu saa baadaye nikasikia sauti ambayo hupendi kuisikia mwezi Oktoba: maji yanaanguka kwenye sakafu ya saruji, mengi, bila kukoma. Nilidhani ni kwangu. Nikatoka na tochi, kwangu kukavu. Sauti ilitoka nyumba ya tatu, upande wa pili wa barabara. Boya la tanki lilikuwa limekufa, tanki limejaa, maji yanamwagika kutoka juu ya mnara. Geti limefungwa kwa kufuli kubwa, juu ya ukuta pana nyaya za umeme, ndani hakuna mlinzi. Tulikusanyika watu wanne, mmoja na kanga begani na wengine na kaptula. Tukapiga simu. Mwenye nyumba akapokea kwa sauti ya usingizi kutoka Dar, akasikitika kweli kweli, akasema: "Jamani, funguo zote ninazo mimi huku."

Maji yalimwagika usiku kucha na siku nzima ya Jumapili, mpaka zamu ilipokatwa jioni. Yalipita chini ya geti, yakachimba mfereji kwenye vumbi, yakafika hadi nyumba ya pembeni ambayo haina tanki, ambako mama mmoja na binti zake huwa wananunua maji ya madumu kwa mkokoteni. Asubuhi niliwaona wale mabinti wamechutama mbele ya geti lile, wanakinga kwa sufuria pana yale yanayopita chini ya chuma, wanachuja kwa kitambaa, wanamimina ndooni. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Walisema ni ya kufulia.

Tafuta mkosaji hapo, humpati. Boya ni plastiki, linakufa. Jirani alikwenda kuona watoto wake. Nyaya aliziweka kwa sababu aliambiwa nyumba isiyo na mtu inaibiwa. Kila mmoja alitenda la busara kwa upande wake, na matokeo yake maji ya chini ya ardhi ya Mzakwe yakaloanisha vumbi saa kumi na tano mfululizo mbele ya macho ya watu wenye kiu. Mtaa ulikuwa umetulia sana siku ile. Ungepita kwa gari usingejua lolote.

Tangu hapo naangalia kwa jicho jingine yale tunayoyapigania. Mwaka uliotangulia, nyumba moja karibu na mwanzo wa barabara yetu iligeuzwa baa, spika mbili zikawekwa nje. Ndani ya wiki moja mtaa mzima ulikuwa umesimama. Kundi la WhatsApp la mtaa, ambalo kwa kawaida ni la salamu za Jumapili na misiba, liliwaka moto. Jirani mwanasheria akatukumbusha kwamba Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kubadili matumizi ya kiwanja, na kwamba zipo kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Tukaandika barua, tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaenda ngazi ya juu. Spika zikatolewa, baada ya miezi miwili baa ikafungwa. Tulijipongeza.

Mwaka huo huo nyumba mbili ziligeuzwa lodge. Nazo ni mabadiliko ya matumizi ya kiwanja kama baa ilivyokuwa, sheria ni ile ile. Hakuna aliyeandika barua. Lodge haina spika. Wageni wanaingia usiku na magari yenye vioo vyeusi, wanaondoka alfajiri, hawapigi kelele, hawasalimii. Wala hatukuhoji nyumba zilizofungwa kusubiri Aprili. Kelele inatukusanya kwa siku moja, ukimya unatutawanya kwa miaka na hatuoni. Mimi mwenyewe niliisaini barua ya baa kwa mikono miwili, na lodge iliyofunguliwa nyumba ya sita kutoka kwangu niliijua baada ya miezi minne.

Ukiniuliza leo kipi kimeutia hasara mtaa wetu, nitakujibu bila kusita kwamba lodge na mageti yaliyofungwa yametuumiza kuliko ile baa. Baa ilikuwa kero na tulikuwa na haki ya kuikataa. Lakini ilikuwa na watu. Kijana wa kaunta alikuwa anajua nani amepita saa saba za usiku.

Na wezi wanalijua hili kuliko wataalamu wa mipango miji. Mwizi wa Dodoma haendi Kisasa saa mbili usiku, kumejaa macho. Anakuja kwetu Jumamosi saa nane mchana, anatembea taratibu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Aliyemkamata mmoja wao, tena bila kumgusa, ni mama wa genge.

Huyu mama yupo kwenye kona yetu kabla sijahamia. Ni Mgogo wa hapa hapa, na wazee wenzake wakipita wanasalimiana kwa "Mbukwenyi" ndefu isiyo na haraka. Meza yake ya mbao iko chini ya mwarobaini: mafungu ya nyanya, vitunguu, mlenda uliokaushwa, ubuyu kwenye vifuko, na msimu ukifika zabibu za Mpunguzi kwenye beseni la buluu lenye maji. Saa kumi na mbili asubuhi ameshafika, saa mbili usiku bado yupo na taa yake ya sola. Siku moja alimwona kijana anapakia jiko la gesi kwenye bajaji mbele ya nyumba ambayo wenyewe alijua wamesafiri. Hakupiga yowe. Alimuuliza tu kwa sauti ya mzazi: "Mwanangu, hilo jiko la nyumba ipi?" Kijana akaliacha barabarani, akakimbia. Bajaji nayo ikaondoka tupu.

Ukitafuta ulinzi wa mtaa wetu ulipo, uko pale mezani zaidi ya kwenye nyaya. Watoto wakitoka shule na kukuta geti limefungwa wanakaa pale. Fundi akija anaelekezwa pale. Mgonjwa wa nyumba ya mwisho, mzee aliyepooza upande mmoja, huwa anatembezwa jioni hadi pale na kurudi, kwa sababu pana benchi na pana mtu wa kusema naye. Wale washauri wa mwaka 1976 walichora mji ambao mtoto anaweza kutumwa dukani kwa miguu, na katika mtaa wetu mtu pekee anayeitimiza ndoto hiyo ni yeye, kwa meza ya mbao.

Nasema hivyo nikiwa nimeuona mchoro. Mwaka juzi kuna mtu alimwaga mawe na tofali kwenye kiwanja cha wazi wanapocheza watoto, akidai amekinunua. Tulikwenda watu sita kudai kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu, na baada ya kwenda na kurudi mara tatu tukaonyeshwa. Kiwanja kilikuwa kimepakwa kijani, kimeandikwa eneo la wazi, na mawe yakaondolewa. Lakini jicho langu lilikwenda pembeni, kwenye viwanja vitatu vilivyotengwa kwa maduka ya mtaa. Kimoja leo ni lodge. Cha pili kimezungushiwa ukuta na ndani mmeota mikunde pori. Cha tatu kinauzwa kwa bei ambayo hakuna muuza nyanya duniani anayeweza kuilipa. Kwa hiyo genge limekaa mahali pekee palipobaki, kwenye hifadhi ya barabara, mita mbili kutoka lami.

Hapo ndipo penye kasoro ya jinsi tunavyoufikiria mtaa uliotulia. Tunadhani unatengenezwa kwa kuondoa: ondoa baa, ondoa genge, ondoa bodaboda wa kijiweni, ondoa watoto barabarani, na kitakachobaki ni amani. Tumeondoa vingi na tumebaki na kuta. Jiji lina mpango mkuu mpya wa mwaka 2019 hadi 2039, na natamani wanaoutekeleza waje watembee mtaa kama wetu Jumamosi usiku, kwa miguu, wahesabu taa. Wangeona kwamba lodge inayoombewa kibali ndani ya makazi inapaswa kujadiliwa kwenye mkutano wa mtaa kwa uzito ule ule wa baa. Wangeona kwamba kiwanja cha duka kinachofungiwa ukuta kwa miaka kinatudhuru kama kiwanja cha wazi kinachovamiwa. Na wangeona kwamba kibanda kimoja kizuri cha genge, chenye kibali na ushuru unaolipika, kila baada ya barabara mbili tatu, ni miundombinu sawa na taa za barabarani.

Kwa upande wetu wakazi, jambo la kufanya ni dogo na linatugharimu aibu tu. Tujuane. Mwenye nyumba anayesafiri aseme anasafiri. Anayepangisha kwa msimu wa Bunge afikirie kama familia inayolipa kidogo kwa miezi kumi na miwili haimpi zaidi ya fedha ile, kwa maana ya nyumba yenye moshi jikoni na mtu wa kumpigia simu paa likivuja. Na watumishi ambao familia zao zimebaki Dar, waangalie upya mwaka hadi mwaka kama sababu ya mwanzo bado ipo. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapa, vyuo vipo, shule zimeongezeka. Mtoto aliyekuwa kidato cha tatu ameshamaliza.

Yule jirani wa boya alirudi Jumatatu ile, akapita nyumba kwa nyumba kuomba radhi, akaanza na ile isiyo na tanki. Mchana akaenda kwenye genge na ufunguo wa akiba wa geti. Akamwambia mama: "Mama, naomba ukae nao, ikitokea lolote fungueni." Mama akatafuta kipande cha kanga ya kijani, akaufunga, akautundika kwenye msumari chini ya meza. Wiki mbili baadaye akaja mwingine, wake ukafungwa kitambaa chekundu. Mwezi uliopita nilipokwenda kununua vitunguu siku ya Ijumaa jioni niliinama nikahesabu. Zilikuwa funguo saba, kila moja na rangi yake, na anazijua zote bila kuuliza.

Jumanne ya wiki iliyopita meza yake iliwekwa X nyekundu, kwa kuwa iko kwenye hifadhi ya barabara. Amepewa siku thelathini. Tumeandika barua tukiomba apewe nafasi kwenye pembe ya kiwanja cha wazi, mita kumi ndani, ambapo hatamzuia mtu. Kaya kumi na moja zimesaini. Nne kati yake zilituma sahihi kwa simu kutoka Dar es Salaam usiku wa Jumamosi, na mwenyekiti wa mtaa ameahidi kuipeleka mwenyewe keshokutwa.